Fundi wa Meno Anajibu: Yamevunjika, na pesa ya mapya sina

Wiki hizi barua zimekuja nyingi na karibu zote zinalia kilio kimoja, meno ya bandia yamevunjika na pesa ya mengine haipo. Mi nimekaa kwenye laabu ya meno zaidi ya miaka ishirini, vipande nimevishika vya kila namna, vingine vinaletwa vimefungwa kwenye leso, vingine kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), mzee mmoja alileta vyake ndani ya kibiriti, na kitu kinachoniuma mpaka leo ni kwamba wengi wanafika wakiwa wameshatoa pesa mara mbili tatu sehemu zingine bila mtu kuwauliza swali moja tu: kwa nini yalivunjika? Kwaiyo hata kama barua yako sikuiweka soma tu, huenda ukajikuta humu. Na kabla sijaanza, tafadhali sana, yakivunjika usitupe kipande hata kiwe kidogo kama punje ya mchele, na gundi usiguse.

Fundi, asalaam aleikum. Mi ni mama wa miaka 61 niko Bombo, meno yangu ya juu yote ni ya bandia niliwekewa miaka tisa iliyopita. Mwezi jana nilikuwa nakula matoke, matoke tu Fundi, si nyama si mahindi, nikasikia ka! yakagawanyika katikati vipande viwili. Mzee wangu akachukua super glue ya viatu akayaunga, yakakaa siku nne yakaachia, akaunga tena, sa hii upande mmoja umepanda juu ya mwenzake na ufizi umetoka kidonda. Nilienda kiliniki moja Kampala wakaniambia haya hayatengenezeki ununue mapya, wakataja laki tisa. Mi nauza chai na mandazi, laki tisa naitoa wapi? Na binti yangu ana nikaha baada ya wiki tano, nitakaa mbele ya wageni bila meno kweli? Niambie ukweli tu. — Mama wa bi harusi, Bombo

Waaleikum salaam mama, na hongera sana kwa binti. Jibu fupi: meno yaliyopasuka katikati vipande viwili mara nyingi yanatengenezeka vizuri, na shida yako sa hii si ule mpasuko, ni ile super glue. Usimgombeze mzee, alitaka kukusaidia, ila acha nieleze ili mwingine akisoma asirudie.

Sisi tunavyounga ni ivi. Vipande vikiwa visafi vinakamatana vyenyewe kama kikombe kilichovunjika, kila kapembe kanaingia mahali pake, tunavishikisha kwa nta, tunamwaga plasta, ule unga wa jasi unaokauka ukawa mgumu, upande wa ndani tunapata umbo la ufizi wako, alaf tunavitoa tunakwangua kingo za mpasuko mpaka inabaki njia ya wazi kati yake, tunavirudisha juu ya plasta na ile njia tunaijaza akriliki mpya ya pinki, ile plastiki ya meno ya bandia, unga na maji yake, ikishakauka tunasugua na kung'arisha. Ni kazi ya masaa, unaweza kuacha asubuhi ukachukua jioni kama laabu haina foleni. Sasa gundi ikiingia kwenye mpasuko inakauka ngumu kama kioo, vipande havikamatani tena, na vikiungwa vimepishana hata unene wa kucha basi umbo lote limepinda, ukiuma upande mmoja unagusa mwingine unaelea, ndo hicho kidonda. Yenyewe gundi haivumilii mate na joto la chai, ndo maana siku nne ikaachia. Kwaiyo kiliniki walipokwambia hayatengenezeki sisemi walikudanganya, labda waliona gundi imeshakula kingo. Ila usikubali kwa kauli ya mtu mmoja, tafuta fundi wa laabu mwenyewe ayashike, aangalie kama gundi inakwanguka na vipande bado vinakutana. Nimeona vingi vibaya kuliko vyako vikakutana.

Sasa hapa soma pole pole mama. Unashangaa yamevunjikaje kwa matoke. Hayakuvunjika siku ile. Jino likishang'olewa ule mfupa uliokuwa umelishika unakosa kazi unaanza kupungua, miezi ya kwanza unapungua haraka sana, baadae pole pole lakini hausimami, kwaiyo ufizi wako wa leo si ule uliopigiwa kipimo miaka tisa iliyopita. Ila katikati ya kaakaa kuna mfupa mgumu ambao wenyewe haupungui hivyo. Umeshaona watoto wameweka ubao juu ya gogo wanapanda huyu huku yule kule? Basi ndo pleti yako, yaani lile bamba la pinki linaloshika meno, kila ukitafuna, pembeni ufizi umeshuka, katikati imekalia mfupa, inajikunja kidogo inarudi, inajikunja inarudi, chai ya asubuhi, chakula cha mchana, cha jioni, miaka yote hiyo, na ufa unaanzia pale mbele kati ya meno mawili makubwa ambapo pleti imekatwa kidogo kupisha kale kamshipa ka mdomo wa juu, unatembea kurudi nyuma bila wewe kuuona, siku ukikaribia mwisho hata matoke yanatosha.

Ndo maana kuunga peke yake kwa mtu kama wewe ni kutupa pesa, yataungwa leo na kwa sababu bado yanakalia gogo lilelile yatapasuka tena palepale au pembeni yake. Unachohitaji ni kuunga pamoja na rilaini, yaani wanachukua kipimo kipya cha ufizi kwa kutumia meno yako hayohayo, alaf wanajaza akriliki upande wa ndani ili pleti ilale tena vizuri isicheze. Fundi mzuri anaweza pia kuzika waya au wavu mwembamba ndani ya akriliki pale kwenye mpasuko, mwulize.

Kuhusu laki tisa, bei zinatofautiana kiliniki na kiliniki na mji na mji kwaiyo sikwambii ni nyingi au ni kidogo, lakini ujue unalipia nini. Meno mapya ya taya zima si kitu cha siku moja, kuna kipimo cha kwanza, kuna kipimo cha pili kilicho sahihi zaidi, kuna siku ya kuuma nta wajue taya zinakutana wapi, kuna siku ya kuyajaribu meno yakiwa bado kwenye nta ujiangalie kwenye kioo useme hapa marefu hapa mafupi (siku hiyo usione haya, sema, yakishapikwa kwenye akriliki kubadilisha ni shida), ndo siku ya kuyachukua, na bado utarudi kusawazishwa panapokata. Safari tano sita hizo, na akriliki na meno yenyewe na nta vinatoka nje vinanunuliwa kwa dola, dola ikipanda na sisi tunapandisha. Kuunga na rilaini hakuna safari zote hizo. Waombe wakuandikie bei tatu kwenye karatasi, ya kuunga, ya kuunga na rilaini, na ya mapya, na kwenye mapya waandike kabisa kama kusawazisha baadae kumo ndani ya bei au utalipia tena. Na usitoe zote siku ya kwanza, lipa kadri kazi inavyosogea.

Jaribu na hospitali ya serikali. Serikali ya Uganda iliondoa malipo kwenye vituo vyake 2001 ukiacha zile wodi za kulipia, lakini usiende umeamini kabisa na meno ya bandia ni bure, vifaa vya laabu ni habari nyingine, uliza kwanza. Hospitali ya Mulago, Kampala, kuna idara ya meno na ndo hapo chuo kikuu cha Makerere kinafundishia madaktari wa meno, ukishikwa na mwanafunzi usiogope, nyuma yake kuna mwalimu anayemwangalia, utakaa muda mrefu kwenye kiti lakini utaangaliwa kwa makini.

Kwa wiki tano ulizonazo mi ningefanya ivi: leo yavue uyaache, sukutua maji ya vuguvugu yenye chumvi kidonda kipoe, wiki hiihii peleka vipande vyote, yakirudi vaa nyumbani kula nayo uone panapokata, rudi wapunguze, ili ikifika nikaha uwe umeshayazoea na umesahau kama yapo. Baada ya sherehe uanze kuwekea mapya kidogo kidogo kwa sababu miaka tisa ni mingi na meno yenyewe yatakuwa yameshalika, hayo ya zamani usiyatupe yatakaa akiba. Na famasi ukiona dawa ya kushikia meno ya bandia, ile ni ya kushikisha pleti kwenye ufizi tu, haiungi mpasuko, watu wengi wanachanganya.

Fundi mi ni kijana wa 27 napiga boda hapa Jinja. Nikiwa mchanga walinitoa ebinyo, vile vijino wanavyowachimba watoto kwenye ufizi, chonge zangu za juu hazikuota kabisa, nikavaa pleti ndogo ya meno mawili tangu nikiwa na 19. Juzi tulikuwa tunakula mchomo na wenzangu nikaivua nikaweka mfukoni, nikasahau nikaikalia, jino moja limetoka na waya umekatika. Bado naivaa ivoivo kwa sababu bila hiyo naona haya kuongea na abiria. Kiliniki wananishauri nifanye ya nailoni ati yenyewe haivunjiki kabisa ila bei iko juu, ni kweli? Na swali la pili, mtoto wangu wa miezi mitano ana joto na anaharisha siku ya tatu sasa, mama mkwe anasema ni ebinyo anataka kumpeleka kwa yule mama akatolewe. Mi sjui nifanye nini. — Bodaboda, Jinja

Mwanangu, nianze na mtoto, meno yako yatangoja.

Usikubali. Nasema tena, usikubali, hata kama mama mkwe atanuna mwezi mzima. Ule weupe wanaouona kwenye ufizi wakasema ni ebinyo ni jino la kawaida la mtoto linajitengeneza, halina uhusiano wowote na kuharisha. Wanachimba kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa au kitu chochote chenye ncha, mtoto anavuja damu, anaingia vidudu, wapo wanaokufa, na chini ya lile jino la utoto kuna chipukizi la jino la ukubwani nalo linajeruhiwa, ndo maana wewe una 27 na chonge huna. Mimi nimetengeneza pleti nyingi sana za vijana kama wewe na kila moja inaniuma kwa sababu hakuna hata jino moja kati ya yale lililokuwa na ugonjwa. Washa hiyo pikipiki leo umpeleke mtoto kituo cha afya, siku tatu ni nyingi kwa mtoto wa miezi mitano, aendelee kunyonya njia nzima, watamwangalia na malaria, watampa ORS, ile dawa ya paketi ya kuchanganya na maji, na zinki, na hiyo zinki ni ya siku 10 mpaka 14, mpeni yote hata kama kuharisha kumekata. Ukiona macho yamezama, hanyonyi, analala tu haamki vizuri, au kuna damu kwenye choo, usingoje kupambazuke.

Sasa pleti. Acha kuivaa ilivyo, hata dakika moja. Pleti ndogo isiyo na waya wa kuishika inaweza kukuponyoka ukaimeza au ikaingia kwenye njia ya hewa, na wewe uko barabarani na abiria mgongoni. Na ubaya wa akriliki tupu ni kwamba kwenye eksirei haionekani vizuri, daktari anaitafuta haioni. Ikitokea imekupotea mdomoni na unahisi kitu kimekwama au unakohoa bila sababu, hospitali moja kwa moja, usianze kumeza matonge ya posho (ugali) kuisukuma.

Nailoni ni kweli inapinda haivunjiki kirahisi, haina waya unaoonekana, na vijana wanaipenda kwa hilo. Lakini kuna jambo watu hawaambiwi mapema: akriliki haishikani nayo vizuri, kwaiyo jino likichomoka au ukija kung'oa jino lingine ukataka liongezwe kwenye pleti ileile, laabu nyingi zitakwambia hatuwezi, fanya mpya. Ya akriliki jino linarudishwa, waya unabadilishwa, jino lingine linaongezwa, kila mara kwa pesa kidogo. Mtu ambaye pesa yake inaingia leo inatoka leo, mi namshauri akriliki yenye waya mzuri. Kama siku moja utakusanya vizuri kupitia ile sacco ya stage yenu, kuna ya chuma, kobalti na kromu, nyembamba, nyepesi, imara, ghali mwanzoni lakini inakaa miaka mingi, na kwa meno mawili tu ambayo yamezungukwa na meno yako mazima ingekufaa zaidi kuliko nailoni.

Yako ilivyovunjika haina siri, uliikalia. Kwaiyo rudisha jino, badilisha waya, basi, hakuna haja ya kununua kitu kipya. Ila kama jino ulilipokea mkononi uende nalo, wakilitumia lilelile rangi itafanana na mwenzake. Na nunua kakopo kadogo ka plastiki kagumu ukaweke kwenye jaketi, ukivua iingie humo. Usiku vua, ulale bila hiyo.

Fundi, mimi naandika kwa ajili ya baba yangu, tuko Arua. Mzee ana miaka 78, alikuwa mwanajeshi, mtu wa kuongea na kucheka sana. Miezi mitatu iliyopita meno yake ya chini yalianguka kwenye sakafu ya simenti yakavunjika vipande vitatu, tangu hapo hatoki. Haendi msikitini, wageni wakija anaingia chumbani, akiongea anaziba mdomo kwa mkono. Anakunywa uji tu na chai na amekonda. Yale ya juu bado mazima lakini ameyaweka kwenye droo. Tumeitana watoto wote sita tuchange, kaka yetu mkubwa aliye Kampala akasema mzee wa 78 anataka meno ya nini, tumsubirie tu apumzike. Nililia Fundi. — Binti wa mzee, Arua

Dada yangu, hata mi barua yako imenikaa moyoni. Mfikishie mzee shikamoo yangu, mwambie kuna watu wengi wa umri wake nimewatengenezea na wakarudi kukaa barazani wakabishana siasa kama kawaida.

Kaka yako usigombane naye, mwulize tu mzee anakula mara ngapi kwa siku. Mara tatu? Basi mara tatu kila siku anayahitaji. Mtu wa 78 akikosa kutafuna anaacha nyama, anaacha karanga, anaacha maharage, anaacha mboga, anabaki na vitu laini vya wanga na sukari, misuli inaisha, anadhoofika, anaanguka, na gharama ya mzee aliyeanguka akavunjika nyonga ni kubwa kuliko meno. Na kuna hili la kujificha chumbani, mtu aliyezoea watu akikaa peke yake miezi mitatu anaondoka pole pole mkimwangalia. Mwonyeshe kaka barua hii.

Leo hiihii kabla ya meno, badilisheni chakula. Uji peke yake hautoshi hata ukimpa mara sita. Wekeni ndani karanga zilizosagwa au simsim, mukene (dagaa) usage uwe unga umwagie kwenye mchuzi, maharage yachemshwe sana yapondwe, mayai, ovakado hiyo inapatikana, samaki asiye na miiba, dodo (mchicha) ikatwe ndogo kabisa ipikwe na karanga mpaka ilainike. Na msimpikie cha peke yake akala chumbani kama mgonjwa, siku mojamoja nyumba nzima mle kitu laini pamoja naye.

Kuhusu meno yenyewe. Vipande vitatu kwa kuanguka kwenye simenti, hiyo inaungika kama vyote vipo na vinakutana. Lakini nina wasiwasi na jambo lilelile la mama wa Bombo, yalikuwa yanakaa vizuri kabla ya kuanguka? Muulize taratibu. Kama yalikuwa yanarukaruka akiongea, au alikuwa anayashikilia kwa ulimi, basi kuunga tu hakutamrudishia furaha. Ya chini ni magumu kuliko ya juu kwa kila mtu, ya juu yana kaakaa zima la kushikilia, ya chini ni kama kwato ya farasi imekaa juu ya ufizi mwembamba na ulimi unaisukuma kila saa, na taya la chini mfupa wake unapungua zaidi kuliko wa juu. Kwaiyo muulizeni daktari kama rilaini itatosha au imefika pahali pa kutengeneza ya chini mapya. Na aende na ya juu pia ameyavaa, msiyaache kwenye droo, yanauma pamoja hayo, huwezi kupanga ya chini bila kuona ya juu yanakutana nayo wapi, na yakikaa kavu miezi yanaharibika umbo, yawekeni kwenye maji safi kuanzia leo.

Aangaliwe na ufizi wote na ulimi na chini ya ulimi. Kidonda chochote mdomoni ambacho hakijapona wiki mbili kinatakiwa kuonwa na daktari, kwa mzee hasa kama alivuta sigara au anaweka tumbaku mdomoni, si kila kidonda ni cha meno ya bandia. Hospitali ya rufaa ya Arua ina sehemu ya meno, anzieni hapo muulize wanafanya nini wenyewe na nini wanatuma laabu nyingine.

Na kuchanga, nawapa wazo ambalo familia moja ilifanya nikalipenda. Kwa vile meno mapya ni safari tano sita na mko sita, kila mtoto achukue safari moja, huyu alipe ya kipimo, yule ya nta, mwingine ya kujaribu, na kila mmoja aende na mzee siku yake mwenyewe. Mkilipa kwa awamu hivyo hakuna anayebeba mzigo wote na mzee anakaa na kila mtoto wake siku nzima njiani. Kaka wa Kampala mpeni ile siku ya kujaribu mbele ya kioo.

Fundi hapa Mbale kuna jamaa anapita nyumba kwa nyumba na begi, anasema anaunga meno ya bandia palepale na anaweza kukupachikia jino jipya la kudumu kwa dakika kumi bei rahisi. Jirani yangu amefanya anafurahia. Nimwite? — Mama Twins, Mbale

Usimwite mama. Hilo la dakika kumi ni akriliki ileile ya kuungia ikiwa bado mbichi anaibandika moja kwa moja kwenye meno yaliyo pembeni ya pengo, inaunguza ufizi, inashikanisha jino na jino, chakula kinaingia chini hakitoki, baada ya muda meno mazima ya pembeni yanaoza nayo yanang'olewa, nimeona mtu aliyekuwa na pengo moja akaishia na mapengo manne. Mtaalamu wa kweli ana jina kwenye daftari, daktari wa meno anasajiliwa na UMDPC, baraza la madaktari na madaktari wa meno la Uganda, fundi wa laabu na wale maafisa wa meno wa vituo vya afya wako chini ya Allied Health Professionals Council, baraza la wataalamu wengine wa afya, na kumuomba mtu cheti chake si matusi. Mshauri jirani aende akaangaliwe sa hii wakati bado anafurahia.

Ulivyouliza pia kuhusu kusafisha kwa maji ya moto: maji ya moto hapana kabisa, akriliki inapinda na ikishapinda hairudi. Brashi laini na sabuni ya kawaida na maji ya baridi kila siku, dawa ya meno iache ina mchanga unakwaruza. Weka beseni yenye maji chini yako au taulo unapoyasafisha, mengi yanavunjikia kwenye sinki. Usiku yavue yalale kwenye maji, ukilala nayo kila siku ufizi unavimba mwekundu kwa sababu ya fangasi.

Mimi niko Kasese, laabu nzuri inayonijua iko Kampala, nauli ya kwenda na kurudi inakaribia bei ya kuunga yenyewe. Naweza kutuma vipande kwa basi? — Mwalimu, Kasese

Unaweza mwalimu, kama ni mpasuko msafi, vipande vyote vipo, na kabla ya hapo yalikuwa yanakushika vizuri. Fundi hahitaji mdomo wako kwa hilo. Ila kama yalikuwa yanacheza au yanakukata itabidi uende mwenyewe, kipimo cha ufizi hakitumwi kwa basi. Wapigie kwanza wakupe bei na siku, utume pesa kwa simu wakishayaona si kabla, yaoshe, yafunge kwenye pamba yenye unyevu ndani ya kopo gumu, kaveera haitoshi mzigo mwingine utakaa juu yake. Piga picha ya kila kipande, na kama kuna jino limechomoka peke yake lifunge pembeni na kakaratasi kake uandike lilikuwa upande gani, la ngapi kuanzia mbele.